Vigingi vya Shemeji Marta

Kigogo, Dar es Salaam
9 Februari 1975

Kwako dada yangu Dorkasi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji na watoto. Mimi mzima, isipokuwa mgongo.

Najua mwaka mzima sijaandika. Niliona aibu kuandika bila kutuma kitu, kisha nikaona aibu kwa kukaa kimya, na aibu mbili zikikaa pamoja kalamu haiinuki. Leo naandika kwa sababu nina shida na wewe. Nimeona nikuambie mapema usije ukasoma ukurasa mzima ukidhani nimekukumbuka tu.

Kazi ni ile ile ya kubeba magunia kwenye godauni. Siku hizi ni mahindi ya njano ya msaada. Watu huyasema vibaya wakiwa kwenye foleni, wakifika nyumbani wanayala. Mimi nayabeba mgongoni tangu asubuhi, na jioni nayala vilevile, kwa hiyo sina la kusema.

Nyuma ya chumba changu kuna mteremko unaoshuka hadi bonde la Msimbazi. Tangu serikali itangaze kilimo cha kufa na kupona, kila mtu hapa amechukua kipande, na kila mvua ikinyesha vipande vyao vinashuka mtoni na mchicha wao. Changu hakishuki. Nimepiga matuta ya kukata mteremko kama ya kwetu, nikayapima kwa chupa ya maji niliyoilaza juu ya ubao. Balozi wetu wa nyumba kumi, Bibi Mwanahawa Shabani, alisimama kuyaangalia siku ya kwanza akacheka mpaka akakaa chini. Alisema Msambaa amezoea kulima ukutani kama mjusi. Baada ya mvua mbili alikuja kuniomba nimpimie na kipande chake.

Basi ni yeye aliyeleta habari. Kwenye ukuta wa ofisi ya kata wamebandika tangazo kwamba wanatafutwa wajumbe tisa wa Kamati ya kuishauri Serikali juu ya kilimo cha mjini. Wanataka watu wanaolima kwa mikono yao, hasa wenye ujuzi wa miteremko. Nilimwambia mimi ni darasa la nne. Akaniuliza kama mchicha unadai cheti. Akanishika mkono mbele ya watu kama mgonjwa anayepelekwa zahanati, tukaenda.

Karani akanijazia fomu. Mahali pa kuuliza kama nimewahi kusimamia kilimo, nilimwambia aandike: mpima matuta, Usambara, 1953 hadi 1956. Akaisoma kwa sauti, akaniangalia mara ya pili. Dada, sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniangalia mara ya pili.

Watakaochaguliwa watapewa kazi ya kusimamia bustani za kata. Ina maana sitabeba tena. Daktari ameniambia nikiendelea na magunia mwaka mmoja zaidi sitasimama wima.

Shida ni hii. Wanataka barua ya kijiji nilikotoka, yenye mhuri, ya kuthibitisha mwenendo wangu katika mambo ya ardhi. Mwisho ni tarehe 15 Machi. Naomba uende kwa Abrahamu, nasikia ndiye mwenyekiti. Mwambie aandike maneno ya kawaida. Mambo ya zamani asiyakoroge.

Kaka yako,
Mika Shechambo


Kwehonde, Mgwashi
23 Februari 1975

Shikamoo kaka,

Barua yako imefika na tumefurahi kujua u hai. Yunis, mwanangu wa kwanza, ameolewa Soni na ana mtoto, na wewe hujui, lakini leo sitalisema hilo.

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo. Abrahamu aliisoma akakuna kichwa. Alisema angekuwa anaulizwa kama wewe ni mlevi au mwizi angejibu mwenyewe. Mwenendo wa mtu katika ardhi ni jambo la kijiji. Basi Alhamisi akalipeleka mkutanoni.

Nisikufiche, walicheka kwanza. Wazee walikumbuka viatu vyako vya serikali na ile fimbo yako yenye alama. Hamisi wa dukani akauliza kama huko mjini nako unawatoa watu vitandani kwa filimbi. Walikuwa wanacheka bila ubaya, kaka. Matuta yale ya amri ya mkoloni waliyang'oa wote mwaka wa Uhuru, na sasa bwana shamba wa sasa anawabembeleza wayarudishe, kwa hiyo hakuna mwenye uso wa kukusema sana.

Kisha akasimama shemeji Marta, mjane wa ndugu yetu Nathanaeli. Alisema hivi, na mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu:

"Mwandikieni. Kupima anajua. Ila mniulizie jambo moja. Ile Ijumaa kabla ya mvua, alifika shambani kwangu kule bondeni, au hakufika?"

Akakaa.

Mimi wakati ule nilikuwa bado naishi Bumbuli nilikoolewa, nilisikia tu. Nilisikia kwamba ulimshitaki kwa zumbe, chifu wetu, kuwa hakupiga hata tuta moja, ndiyo maana mvua ikachukua shamba lake. Yeye akasema aliyapiga yote ishirini na mawili, kwenye vigingi ulivyomwekea wewe, na mvua ndiyo iliyoyachukua. Hakukuwa na shahidi. Nathanaeli alikuwa mkongeni Korogwe, na kule bondeni kila mwanamke alikuwa peke yake na jembe lake. Mkaapishwa wote wawili mbele ya wazee wa kanisa, mkono juu ya Biblia. Wewe ukasema hukumpimia maana alikataa kulima, na ile Ijumaa hukufika kabisa shambani kwake. Wakakuamini wewe, mtoto wa mwinjilisti. Yeye akachimba barabara siku kumi na nne kwa amri ya baraza, na kanisa likamtenga na Meza ya Bwana kwa kiapo cha uongo, mpaka atakapotubu.

Hayo ndiyo niliyosikia na ndiyo niliyoyaamini, maana ni kaka yangu aliyesema.

Abrahamu anasema ataandika ukijibu. Swali ni fupi. Jibu ndiyo au hapana, nami nitalipeleka.

Dada yako,
Dorkasi, Mama Yunis


Kigogo, Dar es Salaam
2 Machi 1975

Kwako Dorkasi,

Nimepata barua yako na imenichosha kuliko gunia.

Niliomba mhuri, mmeniletea kesi. Mambo hayo ni ya wakati wa mkoloni. Mimi nilikuwa kijana niliyetumwa, mwenye amri alikuwa bwana shamba Mzungu, na baraza lilikuwa la zumbe. Wazungu wameondoka, mazumbe wamefutwa, aliyebaki kuulizwa ni mimi kibarua.

Shemeji Marta ninamheshimu. Lakini adhabu yenyewe ya kanisa ilikuwa ya miezi michache tu. Mtu anasimama, anasema nilikosea, wanamwombea, anarudi mezani. Nimeona watu wakirudishwa kwa mambo makubwa kuliko matuta, hata wa pombe na wa wake wawili. Alisharudi zamani. Sasa kwa nini anakwaruza kovu?

Bibi Mwanahawa ananiuliza kila jioni kama barua imefika. Nimemwambia posta ya milimani inachelewa kwa mvua. Akasema mvua ya wapi, redio imesema Tanga kukavu.

Mwambie Abrahamu kwamba siku hizo nilipita mashamba mengi na sikumbuki ni lipi nililipita siku gani. Hilo nalo ni jibu.

Ni mimi,
Mika


Kwehonde, Mgwashi
10 Machi 1975

Shikamoo kaka,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kijiji, na mhuri wake. Iangalie kwanza halafu urudi kwenye yangu.

Umeona alivyoandika Abrahamu: "Ni mtu mkweli na mwaminifu katika mambo yote ya ardhi." Hayo maneno hakuyataka. Jibu lako la kutokukumbuka nililisoma mbele yake na mbele ya Marta, na Abrahamu akasukuma karatasi pembeni. Marta ndiye aliyemwambia aandike. Alisema, asikose kazi kwa ajili yangu, mimi sikumwomba kazi, nimemwomba jibu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuuliza kwa miaka ishirini, na sisi hatukukuandikia kwa sababu hukuuliza.

Marta hakurudi mezani.

Miezi michache uliyoisema imekuwa miaka ishirini. Kila Jumapili huja. Huketi benchi la mwisho karibu na mlango, na sisi tukiinuka kwenda mezani yeye hubaki. Watoto wake wote wamepata kipaimara na yeye ameketi pale. Wachungaji watatu wamekuja na kuondoka, kila mmoja amemwita na kumsihi aseme neno moja, nilikosea. Nathanaeli alipokufa, mchungaji alikwenda mpaka nyumbani kwake akamwambia, mama, sema tu, upate faraja ya Meza katika msiba huu. Nilikuwepo, nilikuwa nasonga ugali. Marta akamjibu, "Nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya kwa mara ya kwanza."

Watoto wa kijiji wamekua wakimjua kama mwanamke aliyeapa uongo akakataa kutubu. Binti yake Secilia alikataliwa uchumba kwa ajili hiyo, akaolewa mbali.

Unajua mimi nafundisha darasa la watu wazima. Marta alijiandikisha mwaka juzi. Wengine siku ya kwanza huomba niwaonyeshe kuandika majina yao. Yeye aliomba nimwonyeshe kuandika "nililima". Mimi nilicheka, kaka. Nilidhani ni mzaha.

Kazi unayo. Mhuri unao. Sasa hakuna anayekudai chochote kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo ukijibu, jibu kwa sababu nyingine.

Dorkasi


Kigogo, Dar es Salaam
16 Machi 1975

Kwako shemeji Marta,

Shikamoo. Dorkasi amesema unasoma sasa. Nitaandika herufi kubwa. Ukichoka akusomee yeye, sina tena haki ya kumficha.

Barua ya kijiji niliipeleka Ijumaa. Ningeweza kuichana na sikuichana. Niliikabidhi kwa mikono miwili. Katibu Kata akaisoma mpaka pale pa mkweli na mwaminifu, akanipa mkono. Jana jioni, muda ulipokwisha, wamebandika majina tisa na langu ni la nne. Bibi Mwanahawa alipiga vigelegele barabarani. Tunakaa mara ya kwanza Alhamisi tarehe 3 Aprili. Nakuambia haya ujue kwamba nakuandikia nikiwa tayari nimekula matunda ya ukimya wangu. Usinihesabie uzuri.

Uliuliza kama nilifika ile Ijumaa. Nilifika.

Nianze Jumatano yake. Nilikuwa na pimamaji ya serikali, ile ya kioo chenye tone ndani. Nilikuwa nimeonywa juu yake, maana ya kwanza niliipoteza mtoni. Jumatano nikiwa natoka ng'ambo niliteleza ikapiga jiwe, kioo kikavunjika. Nikaifunga kwa kitambaa nikaificha. Alhamisi ilikuwa zamu ya shamba lako. Ulinikuta pale na vigingi, ukanipa ndizi za kuchoma, ukaniuliza leo hupimi na kile kidude? Nikakuambia mimi sasa ni fundi, napima kwa jicho. Ukacheka, ukasema haya fundi.

Nilipima kwa jicho. Wewe unaijua milima. Mteremko wa ng'ambo humdanganya mtu, tuta linaloshuka akaliona limelala sawa. Vigingi vyangu vyote vilikuwa vinashuka kuelekea pembe ya mto. Wewe ukafuata vigingi. Ulilima Alhamisi ile ile, na Ijumaa, peke yako, tumbo likiwa na mtoto.

Ijumaa alasiri nikapita. Wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Nikahesabu matuta. Yalikuwa ishirini na mawili, mazuri, kifua cha tuta kimepigwa kwa jembe mpaka kinang'aa. Nikasimama kwenye pembe, nikaona jinsi yalivyoinama. Hapo hata mtoto angeona. Maji yatakimbia ndani ya kila mfereji, yatakutana pembeni, yatapasua lile la mwisho, kisha yote. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya msitu. Palikuwa na muda wa kukuambia. Kukata mifereji minne tu ya kutolea maji kungetosha, na tungekuwa wawili.

Lakini ningekuambia ungeuliza kwa nini yameinama. Nikaondoka kupitia juu ili nisikutane nawe.

Jumatatu bwana shamba alipokuja akakuta udongo wako uko mtoni, akaniuliza nani alipima hapa. Nikasema hapa hapajapimwa, mwenye shamba alikataa kulima. Vigingi vilikuwa vimechukuliwa na maji. Ilikuwa sentensi moja. Nilidhani itaishia kwenye makelele ya Mzungu. Kumbe sentensi moja inahitaji ya pili, na ya pili ikahitaji Biblia.

Kiapo changu ndicho kilichokuwa cha uongo. Niliondoka Kwehonde mwaka uliofuata nikawaambia watu nafuata kazi. Nilikuwa nakimbia benchi lile nililodhani umeketi juu yake miezi mitatu. Sikuuliza, kwa sababu nilijua kwamba nikiuliza nitajibiwa.

Nataka kuwaandikia wazee wa kanisa haya haya. Niambie nitume kwa nani.

Mimi niliyekukosea,
Mika


Kwehonde
21 Machi 1975

Shemeji Mika,

Marahaba.

Naandika mwenyewe. Barua yako nimeisoma siku mbili. Dorkasi alitaka kunisaidia nikakataa. Barua hii anashuka nayo Secilia, anakuja Dar kwa mumewe. Ndiye mtoto niliyekuwa naye tumboni.

Nilijua ulifika. Jumamosi asubuhi niliona nyayo za viatu katikati ya matuta. Viatu vile kijijini alikuwa navyo mtu mmoja. Niliwaambia baraza. Wakasema tuonyeshe nyayo. Mvua ilikuwa imeshapita.

Sikuwa nauliza ili nijue. Nilitaka nione kama utasema.

Usiwaandikie wazee. Wataisoma wamefunga mlango, watasema jambo limekwisha, na nje hakuna atakayejua. Uliapa mbele ya watu. Njoo useme mbele ya watu. Pasaka ni tarehe 30, kanisa litajaa, hata walioolewa mbali watakuwepo.

Ukishindwa nitajua.

Marta Nathanaeli


Kwehonde
31 Machi 1975

Shemeji Mika,

Nimempa Dorkasi barua hii akupe kesho asubuhi ukiondoka. Isome ukifika Soni, kabla ya gari. Sikutaka kusema nawe nyumbani kwa dada yako mbele ya wageni, walikuwa wanafurahi.

Asante kwa safari. Nimekuona umezeeka. Ulivyoshika mgongo ukiinuka nilisikitika.

Jana ulisimama. Nilisikiliza kila neno. Ulisema hivi: zamani za mkoloni kulitokea makosa ya vipimo, na shemeji yetu Marta akaumia, na mimi kama mmoja wa wapimaji ninaomba tusameheane. Watu wakasema amina. Mama mmoja akalia. Mchungaji akakushika bega. Kisha akanigeukia akasema, mama, leo njoo mezani.

Sikwenda.

Uliona. Uliinamisha kichwa.

Makosa hayakutokea, Mika. Wewe uliyafanya. Hukusema uliona matuta. Hukusema niliyalima. Hukusema uliapa. Ulisema tusameheane. Mimi nikuombe wewe msamaha wa nini?

Sasa tangu jana wanapita hapa. Jirani yangu Jenoveva kaniambia, mwenzako katoka Dar es Salaam akajishusha mbele ya kanisa zima, na wewe umebaki mgumu kama jiwe. Hamisi wa dukani, yeye hata si wa kanisa letu, kaniambia mama punguza. Jumamosi nilikuwa mwongo tu. Leo ni mwongo mwenye moyo mgumu.

Mambo uliyoniandikia mimi ungeyasema vilevile. Yameandikwa vizuri. Ninayo karatasi, ningeweza kumpa Dorkasi aisome kanisani. Nimefikiri sana. Sitampa. Nikifanya hivyo nitakuwa nimekushitaki, na mimi sikushitaki mtu.

Nenda kwenye kamati yako. Sijakasirika sana. Nimechoka tu.

Marta Nathanaeli


Soni
1 Aprili 1975

Kwa Ndugu Katibu Kata,
Kigogo, Dar es Salaam

Ndugu,

Mimi ni mjumbe wa nne katika orodha ya Kamati ya kuishauri Serikali juu ya kilimo cha mjini. Keshokutwa Alhamisi sitakuwepo. Naomba jina langu liondolewe, si kwa Alhamisi tu.

Barua ya kijiji niliyowaletea inasema mimi ni mtu mkweli na mwaminifu katika mambo ya ardhi. Sentensi hiyo si kweli, na mimi nilijua hivyo nilipoikabidhi. Mwaka 1955 nilipima vibaya shamba la mwanamke mmoja, likaharibika, nikaapa kwa uongo kwamba hakulima. Mwenyekiti aliyeandika asilaumiwe, aliandika kwa huruma ya mwanamke huyo huyo. Kamati ya kuwaambia watu walime wapi na vipi inahitaji mtu ambaye akikosea atasema nimekosea kabla mvua haijanyesha.

Badala yangu namtaja Bibi Mwanahawa Shabani, balozi. Anajua kupima kwa chupa kama ninavyojua mimi, na hamwogopi mtu. Mnaweza pia kumwambia msimamizi wa godauni kwamba nimechelewa kurudi likizoni kwa kosa langu mwenyewe. Kama atanifuta kazi, sawa.

Wenu,
Mika Shechambo


Soni
1 Aprili 1975

Kwako shemeji Marta,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya mzigo wangu hapa sokoni, kati ya wauza kabichi. Gari la Mombo lilikuwa linapakia. Utingo aliniita mara tatu, mara ya tatu akanitukana. Likaondoka.

Barua hii nampa dereva wa lori la mboga anayepanda sasa hivi, ikufike kabla yangu. Mimi hana nafasi ya kunichukua, nitapanda kesho kwa miguu. Mgongo hauniruhusu kwenda haraka, nitafika jioni. Sitafikia kwa Dorkasi moja kwa moja. Nitapita kwanza kwa mchungaji, nimwombe nafasi Jumapili, kabla ya mahubiri na si baada, ili nisipate mahali pa kujificha kwenye maneno yake.

Unataka kujua kwa nini juzi nilisema vile. Nilikuwa nimeyakariri yote kwenye gari tangu Chalinze. Nilipoinuka nikaona watu wananiangalia vizuri. Nikaona mtoto wa Yunis amebebwa mgongoni ananichekea. Nikasema moyoni, nitawaambia ya kutosha. Mdomo wenyewe ukatafuta njia ya kupita juu, kama nilivyopita ile Ijumaa. Ulipobaki kwenye benchi nilijua kabisa ni kwa nini, na bado nilikwenda mezani. Nilikula na kunywa. Hilo nalo nitalisema.

Usikubali wakuambie u mgumu. Mwambie Jenoveva angoje siku tano.

Nimeandika maneno yenyewe hapa chini ili uyasome mapema. Jumapili nikiruka hata moja, usimame wewe ulisome kwa sauti. Hiyo haitakuwa kunishitaki, nimekuomba mwenyewe.

Mimi Mika Shechambo, mwezi Machi 1955, nilimpimia Marta mke wa Nathanaeli shamba lake la bondeni bila pimamaji, kwa sababu nilikuwa nimeivunja na nikaificha. Vigingi vyangu vilikuwa na makosa. Yeye alipiga matuta ishirini na mawili kufuata vigingi hivyo. Niliyaona kwa macho yangu siku ya Ijumaa, na niliona yatabomoka, nikanyamaza. Halafu niliweka mkono juu ya Biblia nikaapa kwamba hakulima.

Alilima.

Mika Shechambo